Mwongozo kamili: Kupasha juisi ya embe na pasheni idumu bila kumaliza vitamini

Malalamiko yanayonifikia kuhusu juisi ya kutengeneza nyumbani ni yale yale. Mmoja amechemsha juisi nusu saa nzima ili vijidudu vife vyote, ikatoka ya kahawia, ina ladha ya jamu na imejitenga tabaka mbili kwenye chupa. Mwingine ameogopa kuua vitamini, akaifunga mbichi, siku ya tatu kifuniko kikaruka. Wote wawili wanauliza jambo moja: juisi ipashwe kiasi gani?

Ipashwe kwa joto la juu, kwa muda mfupi, hewa ikiwa kidogo, kisha ipozwe haraka. Kinachomaliza vitamini C jikoni kwetu mara nyingi si zile nyuzi 90 zenyewe. Ni ule muda mrefu wa kupanda taratibu hadi huko, kukaa huko, na kukoroga povu muda wote.

Mwongozo huu ni wa takriban lita 5 za juisi ya embe na pasheni. Nimechagua mchanganyiko huu kwa makusudi. Embe lina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini uchachu wake haueleweki: dodo lililoiva sana linaweza kukosa kabisa ukali unaohitajika kuilinda juisi. Pasheni ni chachu sana, na huufidia udhaifu huo bila kemikali yoyote.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa tunda

Matunda na viungo:

- Maembe mabivu kilo 3 (dodo, ngowe, apple, lolote lisilo na nyuzinyuzi nyingi)
- Pasheni mbivu kilo 2
- Maji ya kunywa lita 2 na nusu
- Sukari gramu 150 hadi 250, au usiweke kabisa
- Ndimu 3 za akiba

Vyombo:

- Sufuria nzito ya stenlesi ya lita 8 au zaidi, yenye mfuniko
- Themometa ya jikoni inayosoma hadi nyuzi 110
- Blenda, na chujio la nailoni au stenlesi lenye matundu ya wastani
- Chupa za kioo zenye vifuniko vipya
- Karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi (zinauzwa maduka ya vifaa vya maabara)
- Mwiko, upawa, faneli, beseni mbili na barafu ya kutosha

Sufuria za alumini, hizi nyepesi za kupikia ugali, ziache kabatini. Asidi ya pasheni huila alumini na juisi hupata ladha ya bati. Shaba na chuma chenye kutu ni vibaya zaidi kwa vitamini: madini hayo yakiingia kwenye juisi, hata kwa kiasi kidogo sana, huharakisha kuharibika kwa vitamini C.

Themometa usiiruke. Najua wengi mtataka kukadiria kwa macho, na ndiyo sababu juisi zenu hazifanani wiki hadi wiki. Ikague kwanza: ichovye kwenye maji yenye barafu nyingi, isome sifuri, kisha kwenye maji yanayochemka. Dar es Salaam au Mombasa itasoma karibu 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94, kwa hiyo usiitupe ukidhani ni mbovu.

## Moto unaondoa nini, na unaacha nini

Vitamini C ndiyo dhaifu kuliko zote. Joto huiharibu, lakini hewa ya oksijeni ikishirikiana na joto huiharibu haraka zaidi. Folati, moja ya vitamini za kundi B, nayo hupungua kwa moto.

Karotini ya embe na pasheni ni ngumu. Inastahimili kupashwa kwa muda mfupi bila shida kubwa. Adui zake ni mwanga na hewa wakati wa kuhifadhi. Madini kama potasiamu hayaharibiwi na moto hata kidogo. Sukari nayo inabaki pale pale, kwa hiyo mwenye kisukari asidanganywe kwamba juisi iliyopashwa ni nyepesi kuliko mbichi. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongeza, hata kama hukutia kijiko.

Sasa sababu ya kutumia joto la juu kwa muda mfupi. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kufa kwa vijidudu vinavyoharibu juisi huongezeka kama mara kumi, au zaidi. Kasi ya kuharibika kwa vitamini huongezeka kama mara mbili au tatu tu. Maana yake, ukipandisha joto na kufupisha muda, vijidudu vinateketea huku vitamini nyingi ikisalia. Anayeacha juisi kwenye moto mdogo wa nyuzi 65 kwa saa nzima akidhani anailinda, ndiye anayeiumiza.

Moto pia unafanya kazi moja ambayo haitajwi sana: unazima vimeng'enya vya tunda lenyewe, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ndani yake. Hivyo ndivyo vinavyogeuza embe lililokatwa kuwa la kahawia, na kimojawapo hula vitamini C moja kwa moja. Juisi mbichi iliyokaa kwenye jagi tangu asubuhi inaweza kuwa imepoteza vitamini nyingi bila kuonja moto.

## Hatua ya 1: Chagua na osha

Osha matunda mazima kwa maji safi yanayotiririka, ukisugua ganda, kabla ya kisu kuingia. Uchafu wa ganda huingia ndani kwa ncha ya kisu.

Tunda lenye ukungu litupe lote, usikate kipande kibovu ukabakiza kingine. Moto wa mwongozo huu unaua ukungu, lakini sumu nyingi zinazoachwa na ukungu hazivunjwi na joto hili.

Usimenye bado. Panga kila kitu mezani kwanza, kwa sababu saa ya vitamini inaanza kuhesabu unapokata tunda la kwanza.

## Hatua ya 2: Safisha chupa na uziweke tayari zikiwa moto

Osha chupa kwa sabuni, suuza, kisha zipange kwenye sufuria yenye kitambaa chini, maji yafunike, zichemke dakika 10. Ziache humo humo zikiwa moto mpaka wakati wa kujaza. Vifuniko tia kwenye maji ya moto kwa dakika chache.

Chupa baridi ikipokea juisi ya moto hupasuka. Wanaopasukiwa na chupa hulaumu kioo, wakati tatizo ni tofauti ya joto.

Chupa za plastiki za maji ya kunywa hazifai kujazwa juisi ya moto. Zinanywea na kupinda. Kama hizo ndizo ulizonazo, nimeeleza njia yake kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Toa rojo, na pima uchachu

Anza na pasheni. Kata, kamua ute na mbegu kwenye blenda, kisha bonyeza na kuachia kwa sekunde mbili mbili, mara tatu au nne tu. Lengo ni kutenganisha ute na mbegu. Ukiiacha blenda izunguke, mbegu zinasagika, juisi inajaa vidoa vyeusi na uchungu kidogo. Chuja.

Menya maembe, kata, saga nyama yake mpaka ilainike. Kisha pitisha kwenye chujio ukisukuma kwa mwiko.

Hapa niseme jambo ambalo naliona kubwa kuliko moto wenyewe. Wengi huchuja embe kwa kitambaa cheupe mpaka juisi iwe nyepesi kama maji. Karotini haiyeyuki kwenye maji. Imeshikana na chembe za nyama ya tunda. Ukizikamulia kwenye kitambaa na kuzitupa, umetupa sehemu kubwa ya vitamini A pamoja na karibu nyuzilishe zote. Hakuna kupasha kwa uangalifu kutakakorudisha hicho. Juisi ya embe iwe nzito. Asiyeipenda nzito aongeze maji kwenye glasi yake.

Changanya rojo mbili. Utapata kama lita mbili na robo. Tulia dakika tano, povu lipande, kisha liengue kwa upawa. Povu ni hewa iliyoingizwa na blenda, na hewa hiyo ukiipasha pamoja na juisi inakwenda moja kwa moja kula vitamini C.

Chovya karatasi ya pH. Unataka isome 4 au chini ya hapo, na usizidi 4.2 kwa hali yoyote. Mchanganyiko huu kwa kawaida unafika huko wenyewe. Ukiona imezidi, kamua ndimu moja, koroga, pima tena. Sababu ni ya usalama: juu ya 4.6, bakteria anayesababisha sumu ya botulini anaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa, na mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Chini ya hapo hawezi, na moto wetu wa wastani unatosha kwa hamira, ukungu na bakteria wengine.

Umefaulu ukiona: rojo la rangi ya chungwa angavu, lisilo na vidoa vyeusi, povu limeondolewa.

## Hatua ya 4: Chemsha maji kwanza, si juisi

Hapa ndipo wengi hukosea, na marekebisho yake ni rahisi.

Mazoea ni kuchanganya rojo, maji na sukari vyote vikiwa baridi, kisha kubandika jikoni. Lita 5 za rojo zito huchukua muda mrefu kupanda kutoka joto la chumbani hadi 90, hasa kwenye mkaa, na muda huo wote vimeng'enya vinafanya kazi, hewa imo ndani, na chini panaanza kushika. Joto la nyuzi 40 au 50 ndilo ambalo vimeng'enya vingi hulipenda, nasi tunavikalisha hapo.

Fanya hivi. Bandika lita 2 na nusu za maji peke yake, tia sukari kama unaitumia, yachemke kweli kweli kwa dakika tatu. Kuchemka huko kunaua vijidudu vya maji na kunafukuza hewa iliyoyeyuka ndani yake. Ndipo umimine rojo lote ndani, taratibu kwa mfululizo, huku mwingine akikoroga.

Maji ya moto yakikutana na rojo la joto la chumbani, mchanganyiko unafika nyuzi 60 na kitu papo hapo. Umeivuka ile sehemu mbaya ndani ya sekunde chache, na kilichobaki ni safari fupi.

Mimina ukiwa umeinamisha jagi karibu na uso wa maji. Kumimina kutoka juu kunaingiza mapovu upya, na maji hayo yanaunguza.

## Hatua ya 5: Pandisha hadi 90, shikilia dakika moja

Moto uwe mkubwa kiasi. Koroga kwa mwiko ukikwangua chini, kwa mwendo wa kuzunguka, bila kuinua mwiko nje. Pasheni ina wanga wa asili, na wanga huo ukipata joto huvimba na kushika chini ya sufuria kama uji. Utahisi mwiko unakuwa mzito kidogo. Ni kawaida, lakini usiache kukoroga.

Themometa isiguse chini ya sufuria. Ishikilie katikati ya juisi. Ikisoma 90, hesabu dakika moja kamili kwa saa. Basi, epua.

Ishara za macho ni hizi: mvuke unapanda mfululizo, viputo vidogo vinazunguka ukingoni, lakini katikati hapajaanza kutokota. Ikitokota umepitiliza. Hutapata hasara kubwa kwa kutokota mara moja, lakini ile harufu nzuri ya pasheni ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Harufu ikijaa jikoni, ujue inatoka kwenye juisi.

Umefaulu ukiona: rangi ni ile ile au imeng'aa zaidi, na ukionja (ikipoa!) unapata embe, si jamu ya embe.

Tahadhari: juisi iliyobaki usiirudishe motoni kesho yake. Kila kupasha kunakata vitamini upya, na juisi iliyokwisha kuanza kuchacha haiwi salama kwa kuchemshwa.

## Hatua ya 6: Jaza ikiwa moto, funga, pindua

Toa chupa kwenye maji ya moto, zimwage, jaza mara moja wakati juisi bado iko juu ya nyuzi 85. Ikishuka chini ya hapo kabla hujamaliza, rudisha sufuria jikoni kidogo. Ndiyo maana kazi hii ni ya watu wawili.

Acha nafasi ya kama sentimeta moja tu shingoni. Nafasi kubwa ni hewa nyingi, na hewa hiyo itaendelea kula vitamini C wiki baada ya wiki ndani ya chupa iliyofungwa vizuri.

Funga, kisha laza au pindua chupa kwa dakika tatu ili juisi ya moto iguse kifuniko na shingo. Kifuniko ndicho hubaki na vijidudu, kwa sababu watu hukishika kwa vidole.

Kwa wenye chupa za plastiki: pasha kama kawaida, kisha weka sufuria ikiwa na mfuniko kwenye beseni la maji ya barafu, koroga mpaka ipoe kabisa, jaza kwenye chupa safi kwa faneli iliyochemshwa, weka kwenye friji papo hapo. Juisi hiyo ni ya siku tatu nne, ikae baridi muda wote. Usiiuze kama juisi ya kukaa dukani.

## Hatua ya 7: Ipoze, na usiiache ijipoze

Juisi iliyofungwa ikiwa moto na kupangwa kwenye boksi inaendelea kupikika kwa saa kadhaa, hasa chupa za katikati. Unakuta umepasha dakika moja jikoni, halafu boksi likamalizia kazi ya nusu saa.

Tumia beseni mbili. La kwanza liwe na maji ya uvuguvugu, chupa zikae dakika tano. La pili liwe na maji ya bomba, kisha uongeze barafu pole pole. Usitoe chupa ya nyuzi 85 ukaitumbukiza kwenye barafu, itapasuka mkononi.

Umefaulu ukiona: chupa imefika joto la mkono ndani ya nusu saa, na kifuniko cha bati kimebonyea katikati. Kisichobonyea, weka chupa hiyo kwenye friji uinywe kwanza.

## Hatua ya 8: Hifadhi na uchunguze

Futa chupa, andika tarehe, weka penye giza na ubaridi. Kioo cheupe kwenye meza ya kibanda juani ni hasara ya aina mbili: mwanga na joto. Vitamini C huendelea kupungua hata kwenye chupa isiyoharibika, na joto la chumba likiwa kubwa hupungua haraka. Kwa juisi ya nyumbani mimi nashauri friji, na imalizwe ndani ya mwezi. Ikifunguliwa, siku tatu.

Kila mara unapotengeneza, acha chupa mbili nje ya friji kwa wiki mbili, usizinywe. Zikivimba, zikitoa mapovu au ukungu, kuna hatua uliyoikosa na chupa zote za siku hiyo zimwagwe. Juisi kujitenga chembe chini na maji juu si kuharibika, tikisa tu. Ukitaka isijitenge sana, saga embe kwa muda zaidi.

Wanaotaka kuuza: ukishaongeza maji na sukari, usiandike juisi halisi asilimia 100. Viwango vya kimataifa vya Codex huita kinywaji cha namna hii nekta. Tanzania usajili wa vyakula uko TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, Kenya ni KEBS (shirika la viwango la huko), na SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo.

## Jipimie mwenyewe vitamini C iliyobaki

Huhitaji maabara. Vitamini C huifuta rangi ya iodini, kwa hiyo juisi yenye vitamini nyingi hula matone mengi kabla haijageuka.

Kabla ya hatua ya 4, chukua vijiko viwili vya rojo bichi, changanya na vijiko viwili vya maji baridi. Hii ni sampuli mbichi yenye kipimo sawa na juisi ya mwisho. Ifunike, iweke kwenye friji, na upime siku hiyo hiyo juisi ikishapoa.

Chemsha nusu kijiko cha unga wa muhogo kwenye kikombe cha maji, upoe. Chukua iodini ya duka la dawa, ile ya kahawia ya kupaka vidonda, uizimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi.

Weka kijiko kimoja cha sampuli mbichi kwenye glasi, ongeza nusu kikombe cha maji na kijiko cha maji ya muhogo. Dondosha iodini tone moja moja ukitikisa. Rangi ya buluu nyeusi itatokea na kupotea, itatokea na kupotea. Ikikaa bila kupotea, andika idadi ya matone. Rudia kwa juisi iliyopashwa, kwa iodini ile ile.

Ukifuata hatua zote, idadi mbili zitakaribiana. Ukitaka kuona tofauti, chemsha kikombe kimoja kwa nusu saa bila mfuniko, rudishia maji yaliyopungua, upime hicho pia. Vyote vilivyopimwa vimwage, visinywewe.

## Matunda ambayo mwongozo huu hauyafai

Tikiti maji, papai, ndizi mbivu, parachichi, maji ya dafu na juisi ya miwa yana uchachu mdogo mno. Usiyafunge kwenye chupa kwa njia hii peke yake hata kama umefika nyuzi 90. Yanywe siku hiyo hiyo.

Papai unaweza kulichanganya na pasheni au ndimu mpaka karatasi isome chini ya 4.2, halafu ufuate hatua zote. Nanasi na chungwa kwa kawaida havihitaji kusaidiwa uchachu, ila pima hata hivyo. Nanasi lina faida moja ya ziada: moto huzima kile kimeng'enya kinachowasha ulimi. Chungwa ndilo gumu, kwa sababu mbegu na utando mweupe vikisagwa huacha uchungu unaojitokeza baada ya kupasha, kwa hiyo likamue kwa mkono na usilitie kwenye blenda.